Mkato Hauwekwi kwa Pumzi

Mtu anaweza kuwa na Kiingereza kizuri cha mdomo, akaendesha kikao kizima bila kubabaika, lakini barua yake ya kurasa mbili ikipita kwa mhariri inarudi imejaa wino mwekundu, na sehemu kubwa ya wino huo imeangukia kwenye mikato. Si ajabu. Ukizungumza, sauti yako inapanda na kushuka na kumwongoza msikilizaji. Ukiandika, msomaji amebaki na alama ulizomwachia tu. Haya hapa ni maswali ambayo makarani, wanafunzi, wanasheria vijana na waombaji wa kazi huyauliza mara kwa mara.

Nikivuta pumzi, niweke mkato?

Hapana, ingawa wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa. Na fundisho lenyewe halikuzuka hivi hivi. Zamani Wagiriki waliandika maneno yakiwa yameshikana bila nafasi, na kusoma kulikuwa kusoma kwa sauti. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri, alibuni nukta za kumwonyesha msomaji atue wapi. Mkato wenye mkia tunaoujua leo ulienezwa na mchapishaji Aldus Manutius wa Venice, Italia, mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo ni kweli kwamba chimbuko la alama hii ni kinywa. Lakini Kiingereza cha leo husomwa kimya kimya, na mkato wake hufuata muundo wa sentensi: kiima ni kipi, kitenzi ni kipi, kiini kiko wapi na nyongeza iko wapi. Mara nyingi pumzi na muundo hukubaliana. Zisipokubaliana, fuata muundo.

Pumzi hudanganya zaidi pale kiima kinapokuwa kirefu. Tazama sentensi hii, ya aina inayoonekana kila siku kwenye barua za ofisi: "The documents that you requested from our Arusha branch last week, have been sent." Mwandishi alipofika "week" alikuwa ameshachoka, akaweka mkato apumzike. Amekosea. Maneno yote yaliyotangulia "have" ni kiima kimoja, na kiima hakitengwi na kitenzi chake kwa mkato mmoja.

Nimesema mkato mmoja kwa makusudi, kwa sababu miwili inaruhusiwa: "The documents, as you requested, have been sent." Hapo katikati imechomekwa nyongeza, na mikato miwili imeifunga huku na huku. Iondoe nyongeza hiyo, sentensi inabaki nzima. Kosa linalotia doa barua nyingi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kufungua kwa mkato na kusahau kufunga.

Kuna tabia nyingine inayofanana na hiyo: "The manager said, that the shop was closed." Kabla ya "that" ya namna hii mkato hauna kazi. Baada ya "said" mkato hukaa pale tu yanapofuata maneno yenyewe ya msemaji, ndani ya alama za kunukuu.

Kwa nini sentensi zangu mbili fupi haziruhusiwi kuungana kwa mkato?

Swali hili linastahili kukaliwa, maana hapa Kiswahili chetu ndicho kinachotuponza. Mtu anaandika: "I arrived at the office, the manager was not there." Kwa Kiswahili angesema, "Nilifika ofisini, meneja hayupo," na hakuna ambaye angemnyanyulia jicho. Lugha yetu hupanga matendo kwa mfululizo bila taabu: alifika, akavua viatu, akaketi, akaomba maji. Mkato unatosha kwa sababu gundi yenyewe imo ndani ya kitenzi, kwenye ile "-ka-".

Kitenzi cha Kiingereza hakina kitu hicho. "I arrived at the office" imekamilika, inajitegemea. "The manager was not there" nayo imekamilika. Mkato peke yake hauna nguvu ya kuzishikanisha. Una njia nne. Weka nukta katikati. Au weka nuktamkato. Au uache mkato na uongeze kiunganishi: "I arrived at the office, but the manager was not there." Au ifanye ya kwanza iitegemee ya pili: "When I arrived at the office, the manager was not there." Kwa barua za kazi mimi huipendelea hii ya mwisho, kwa sababu inamwambia msomaji matukio haya mawili yanahusianaje, badala ya kumwachia ayapange mwenyewe.

Lakini "He arrived, took off his shoes, sat down and asked for water" ni sahihi. Tofauti ni kwamba kiima ni kimoja tu, "he", na vinavyofuata ni orodha ya vitenzi vyake. Ukirudia kiima kila mara, "he arrived, he took off his shoes, he sat down", umerudi kwenye kosa. Waandishi wa riwaya hulifanya hili makusudi, na wakalifanya likapendeza. Karani wa bima asiwaige.

Ndugu wa kosa hili ni "however". "The rent is high, however, the house has water." Sentensi ina mikato miwili, inaonekana ya kisomi, na bado haijakaa sawa, kwa kuwa "however" haiunganishi sentensi mbili kama "but" inavyofanya. Kabla yake weka nukta au nuktamkato, na baada yake mkato: "The rent is high; however, the house has water." Fanya vivyo hivyo kwa "therefore", "moreover" na "nevertheless". Ukiona tabu, andika "but". Hakuna aliyenyimwa kazi kwa kuandika "but".

Na kabla ya "and" je?

Inategemea kinachofuata. Ukisoma "We invited the chief and the teacher refused to come", kwa sekunde moja unadhani chifu na mwalimu wamealikwa wote wawili, kisha unafika "refused" na kulazimika kurudi nyuma. Mkato baada ya "chief" ungekuepusha na usumbufu huo. Nusu ya pili ikiwa na kiima chake, weka mkato kabla ya "and". Ikiwa kiima ni kile kile, usiweke: "She opened the letter and read it."

Kazi hiyo hiyo ya kumzuia msomaji asipotee ndiyo inayoleta mkato baada ya maneno ya utangulizi. "Before we could cook the neighbours arrived." Bila mkato baada ya "cook", majirani wameshaingia sufuriani. Ukigeuza mpangilio, hatari inaondoka na mkato nao unaondoka: "The neighbours arrived before we could cook."

Mkato unabadilishaje maana kwenye "who" na "which"?

Hapa ndipo penye uzito, na ukikosea hapa hujaandika vibaya tu, umesema jambo jingine. Chukua sentensi ya Kiswahili: "Watahiniwa waliochelewa walirudishwa nyumbani." Je, walichelewa wote au baadhi? Sentensi yenyewe haisemi. Tunajua kutokana na mazungumzo, au tunaongeza neno la kufafanua. Kiingereza kinakulazimisha uchague, na chombo cha kuchagulia ni mkato.

"The candidates who came late were sent home." Waliochelewa ndio waliorudishwa, wengine wakaendelea na mtihani.

"The candidates, who came late, were sent home." Wote walichelewa, wote wakarudishwa.

Bila mikato, maneno ya "who" yanachambua: kati ya wengi, hawa. Yakifungwa kwa mikato, hayachambui tena, yanatoa taarifa ya ziada juu ya kundi zima. Sasa fikiria tangazo la benki linalosema: "Customers, who have not updated their details, will lose access to their accounts." Mwandishi alitaka kuwaonya wachache. Alichoandika ni kwamba wateja wote hawajahuisha taarifa zao na wote watafungiwa akaunti. Mikato miwili, na foleni ya wenye hasira mlangoni kesho yake asubuhi.

Neno "that" linapotumika mahali pa "which" huwa la kuchambua, kwa hiyo halifungwi kwa mikato. Wahariri wengi wa Marekani hudai "which" iwe daima na mkato. Waingereza wamelegea zaidi, wanaitumia kwa namna zote mbili, ilimradi mikato iwe mahali pake.

Kanuni hii hugusa hata majina. "My brother Juma lives in Tanga" inaashiria kuwa una kaka zaidi ya mmoja, na huyu unayemtaja ni Juma. "My brother, Juma, lives in Tanga" inasema kaka yako ni mmoja, na jina lake umelitaja kama nyongeza. Katika maandishi ya kawaida wahariri wengi hawakazii sana jambo hili jina likiwa fupi. Kwenye wosia, kwa mume mwenye wake wawili, ni vyema likakaziwa. "My wife, Halima," ni maneno ya mwenye mke mmoja.

Je, kwenye orodha mkato wa mwisho ni lazima?

Huo ndio mkato uitwao wa Oxford, kwa sababu Chuo Kikuu cha Oxford kupitia kiwanda chake cha uchapishaji kimeutumia kwa muda mrefu: "rice, beans, and fish" badala ya "rice, beans and fish". Vitabu vingi vya Marekani huuweka. Magazeti mengi, ya Uingereza na ya Marekani pia, huuacha. Afrika Mashariki tulirithi zaidi desturi ya Uingereza, ndiyo maana shuleni wengi hawakuuona. Watu hugombana juu yake kupita kiasi. Januari 2020 Uingereza ilipotoa sarafu ya peni 50 ya kukumbuka kujitoa Umoja wa Ulaya, mwandishi Philip Pullman alitaka wasomi waisusie kwa sababu mkato huo haukuwemo katika maneno yaliyochorwa juu yake.

Binafsi naona swali la kweli si Oxford au si Oxford, bali sentensi hii mahususi inasomekaje. "I thank my parents, the headmaster and the Member of Parliament." Msomaji mkorofi atasema wazazi wako ni mwalimu mkuu na mbunge. Ongeza mkato kabla ya "and", utata unaisha. Lakini badilisha neno moja: "I thank my mother, the headmistress, and the Member of Parliament." Sasa mkato ule ule umeleta utata mpya, maana mama anaweza kusomeka kuwa ndiye mwalimu mkuu. Dawa hapo ni kupanga maneno upya.

Kuna wakati utata huo umegeuka fedha. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilikuwa inawanyima malipo ya saa za ziada wafanyakazi wa shughuli fulani za vyakula. Orodha ya shughuli hizo ilianza na kusindika kwenye makopo, ikapita ukaushaji na uhifadhi, na kuishia na maneno "packing for shipment or distribution". Kabla ya "or" hapakuwa na mkato. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walikuwa wanasambaza bidhaa, hawafungashi. Wakasema: sheria inataja kazi ya kufungasha tu, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza, na sisi hatufungashi. Kampuni ikajibu kwamba "distribution" ni shughuli ya pekee, ya mwisho katika orodha, na ikakumbusha kwamba mwongozo wa jimbo wa kutunga sheria uliwaelekeza waandishi wasiweke mkato huo.

Hoja zote mbili zilikuwa na miguu. Madereva walionyesha kuwa shughuli nyingine zote katika orodha zinaishia na "-ing", isipokuwa "distribution". Kampuni nayo ikaonyesha kuwa kama "packing" ndiyo ya mwisho, basi orodha haina kiunganishi kabla ya kipengele chake cha mwisho. Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona sheria ina utata, na kwa kuwa sheria za ujira za Maine hutakiwa kufasiriwa kwa kumwelekea mfanyakazi, ikawapa madereva ushindi. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza shauri. Bunge la jimbo lilikuwa limeshaiandika upya orodha hiyo. Safari hii wakaepuka ubishi mzima: wakatenganisha kila shughuli kwa nuktamkato, na "distribution" ikawa "distributing".

Na kwenye mikataba?

Mkasa unaotajwa sana ni wa Kanada. Kampuni ya Rogers ilikodi nguzo za kupitishia nyaya zake zilizokuwa chini ya kampuni ya Aliant. Mkataba ulisema utadumu miaka mitano, kisha utaendelea kwa vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Kabla ya lile neno la "isipokuwa" palikuwa na mkato. Rogers waliamini mkataba haugusiki kwa miaka mitano ya kwanza. Aliant wakasema mkato huo umeyafunga maneno ya katikati kama nyongeza, hivyo haki ya kuvunja inagusa hata miaka ya mwanzo. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya Kanada ilikubaliana na Aliant, na hasara ya Rogers ikakadiriwa kupita dola milioni 2 za huko. Rogers hawakulala. Walichimbua nakala ya Kifaransa ya mkataba huo, ambayo maneno yake hayakuwa na utata, na mwaka 2007 mamlaka ikabadili msimamo.

Funzo la kiofisi ni jepesi: kipengele cha kuvunja mkataba kisining'inie mwishoni mwa sentensi ndefu. Kipe sentensi yake.

Vipi kuhusu barua, tarehe na majina ya watu?

Haya ni ya haraka. "Dear Sir," hufuatwa na mkato kwa desturi ya Uingereza, na "Yours faithfully," vilevile. Wamarekani kwenye barua za kikazi huweka nuktapacha baada ya salamu. Ofisi nyingi siku hizi huacha alama zote mbili, na ni sawa, mradi usiweke mkato juu ukauacha chini. Tarehe ya mtindo wa Uingereza, 9 December 1961, haihitaji mkato. Ya Kimarekani, December 9, 1961, inauhitaji, na sentensi ikiendelea unahitaji mwingine baada ya mwaka. Jiji likifuatwa na nchi, ni hivyo hivyo: "The meeting in Nakuru, Kenya, was postponed." Ule wa baada ya Kenya ndio unaosahaulika.

Unapomwita mtu, mtenge kwa mkato. Ujumbe wa simu wa "Call me, doctor" unamwomba daktari akupigie. "Call me doctor" unadai kuanzia leo uitwe daktari.

Sifa mbili zikifuatana kabla ya jina, jaribu kuchomeka "and" kati yake. "A long and boring meeting" inakubalika, basi andika "a long, boring meeting". "A big and red bus" inakwaruza sikio, basi andika "a big red bus".

Si kompyuta itanisahihishia?

Kwa sehemu. Programu za kusahihisha hukamata sentensi mbili zilizogandishwa kwa mkato, na hukukumbusha mkato baada ya maneno ya utangulizi. Lakini programu haijui una kaka wangapi, wala haijui kama wateja wote wa benki wamezembea au wachache. Penye "who", "which" na majina ya watu, usikubali pendekezo lake kabla hujajiuliza wewe mwenyewe ulitaka kusema nini.

Na mkato ndani ya tarakimu?

Kwa Kiingereza mkato hutenga maelfu na nukta hutenga desimali: 1,250.50 ni elfu moja mia mbili hamsini na nusu. Kwa mtindo wa Kifaransa, ambao msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliukuta darasani, mkato ndio wa desimali. Kwa hiyo karatasi ikiandikwa "1,250 kg" Nairobi, ni mzigo wa tani moja na robo. Ikisomwa kwa mazoea ya Kifaransa, ni kilo moja na robo. Hakuna aliyekosea kusoma, kila mmoja amefuata alichofundishwa.

Mkutano Mkuu wa kimataifa wa Vipimo na Mizani uliamua mwaka 2003 kwamba desimali inaweza kuonyeshwa kwa nukta au kwa mkato, na kwamba tarakimu ndefu zikigawanywa tatu tatu ziachiwe nafasi tupu, bila nukta wala mkato: 1 250. Kwenye maandishi ya kuvuka mpaka, huo ndio mtindo salama. Angalia pia mipangilio ya lugha ya kompyuta yako kabla ya kufungua jedwali lililotoka nchi nyingine, kwa sababu programu iliyowekwa Kifaransa inaweza kuusoma mkato wa maelfu kama desimali bila kukuuliza. Na kwenye ankara, andika kiasi kwa maneno chini ya tarakimu, kama inavyofanywa kwenye hundi.